Nimeitwa mahojiano ya ualimu mara mbili wiki moja (Njoro na Kisumu): demo, faili na maswali ya jopo

Chaki_Ahero aliuliza:

Habari zenu walimu. Nina B.Ed., masomo ya Kiswahili na Historia, na nambari ya TSC (Tume ya Huduma kwa Walimu) tayari ninayo. Nimeitwa sehemu mbili. Ya kwanza ni shule ya upili ya umma upande wa Njoro, Nakuru, kwa nafasi ya kuajiriwa na bodi ya shule. Ya pili ni shule ya kibinafsi hapa Kisumu, Gredi 7 hadi 9.

Barua ya Njoro inataka vyeti halisi na nakala, na inasema nitafundisha "mada yoyote" kwa dakika 15, yaani demo mbele ya jopo. Ya Kisumu imesema mahojiano tu, lakini naambiwa huko unaweza kupewa chaki bila taarifa.

Naomba msaada hapa: nichague mada gani ya Kiswahili? Andalio la somo niandike kwa mtindo wa 8-4-4 (mfumo wa zamani) au wa mtaala mpya wa umilisi (CBC)? Jopo likiniuliza kwa Kiingereza nijibu kwa lugha gani, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili? Na hiyo Historia yangu ina kazi gani katika sekondari msingi (hizo Gredi 7 hadi 9)?

---

UbaoMweusi alijibu:

Mwalimu, hiyo "mada yoyote" ndiyo mtego wenyewe. Wengi huchukua kitu kipana kama "Ngeli za Kiswahili" au "Fasihi Simulizi", na dakika 15 zinaishia kwenye fasili na aina zake. Jopo linabaki kukuangalia ukisoma notisi kwa sauti. Chukua kipande kidogo sana, ambacho dakika ya mwisho mwanafunzi atakuwa anafanya jambo ambalo mwanzoni alikuwa akilikosea.

Mfano unaofaa shule zote mbili: upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya LI-YA, kwa vitenzi pekee. Usiguse vivumishi. Ukianza habari ya "jicho jekundu, macho mekundu" muda utakwisha ukieleza kwa nini si "maekundu".

Sababu ya kupendekeza mada hii ni kwamba kosa lake liko midomoni mwa wanafunzi kila siku, Kisumu na Nakuru vilevile: "mayai zimeoza", "magari zimejaa". Mwalimu asiyejiandaa husahihisha tu, "sema yameoza", akaendelea. Mwalimu aliyejiandaa anajua kosa linatoka wapi. Katika mazungumzo ya mitaani, *zi-* ya ngeli ya I-ZI imegeuzwa kuwa alama ya wingi wa kila kitu. Mtoto anasema "ndizi zimeiva", ambayo ni sahihi, halafu anaibeba *zi-* hiyo hiyo hadi kwenye mayai na maembe. Basi fundisha kwa kulinganisha hizo mbili ana kwa ana.

Mpangilio wa dakika 15:

Dakika 2 za kwanza: weka mezani yai, embe, jiwe na ndizi. Yai liwe la kuchemsha, tafadhali. Bichi likidondoka mbele ya jopo, demo imekwisha. Usiseme "leo tutasoma upatanisho wa kisarufi". Uliza, "Yai hili likikaa wiki tatu, litakuwaje?" Utapata "litaoza". Kisha toa la pili: "Na haya?" Subiri. Mtu akisema "zitaoza", umepata somo lako. Wakijibu sahihi wote, liandike kosa wewe mwenyewe ubaoni na uulize nani anakubaliana nalo.

Dakika 5: gawa ubao sehemu tatu. Kushoto andika tarehe, gredi na mada, ziache hapo hadi mwisho. Katikati jedwali la safu mbili, umoja na wingi:

Yai limeoza – Mayai yameoza
Embe limeiva – Maembe yameiva
Jiwe limeanguka – Mawe yameanguka

Chini yake, kwa chaki ya rangi nyingine: Ndizi imeiva – Ndizi zimeiva. Waache wao waseme tofauti iko wapi. Sehemu ya kulia ni ya majibu ya wanafunzi.

Dakika 5: kazi ya wawili wawili. Kata vipande vya karatasi ya manila, andika nomino moja kwa kila kipande: jino, gari, dirisha, jani, kalamu, nyumba. Mbili za mwisho ni za I-ZI, umezipenyeza makusudi. Kila jozi itunge sentensi kwa umoja na wingi. Wewe zunguka, usisimame mbele kama mlinzi wa lango.

Dakika 3 za mwisho: majozi mawili yasome, wenzao wasahihishe, na wewe toa sentensi moja ya kuandika daftarini kama tathmini.

Jiandae pia kukatizwa. Jopo lenye waombaji kumi wa kuhoji halina subira. Dakika ya 8 utasikia "asante mwalimu". Kwa hiyo jua mapema utaruka nini. Hapa ruka usomaji wa majozi, lakini usiruke tathmini. Somo lisilo na tathmini hupoteza alama hata likiwa tamu namna gani.

Mitego ambayo mkuu wa idara atakutegea baada ya hapo:

"Maji ni ngeli gani?" Si LI-YA. Hayana umoja, ni YA-YA, pamoja na maziwa na mafuta.
"Na madaktari?" Yana *ma-* lakini ni A-WA: daktari amefika, madaktari wamefika. Kiumbe hai hufuata uhai wake.
"Na magonjwa?" U-YA, kwa sababu umoja ni ugonjwa.

Ukiweza kueleza kwamba *ma-* ya wingi haitoshi kumwambia mwanafunzi ngeli, na kwamba lazima atazame umoja na kitenzi pamoja, hutaulizwa swali la nne.

Jambo la mwisho kwa upande wa demo: wanajopo wakiketi kwenye madawati ya wanafunzi, basi ni wanafunzi. Usiwaite "waheshimiwa wanajopo" katikati ya somo. Uliza swali kwa darasa zima, nyamaza kidogo, ndipo utaje wa kujibu. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wanaacha kufikiri. Na neno "mmeelewa?" liondoe kabisa kinywani, jibu lake ni "ndiyooo" daima na halikuambii kitu.

---

Mkuu_wa_Idara_Molo alijibu:

Naunga mkono. Niongeze kuhusu andalio.

Mwaka huu wa 2026 shule ya upili ya umma ina mifumo miwili ndani ya ua mmoja. Gredi 10 ni kundi la kwanza la sekondari ya juu, halafu kuna Kidato cha 3 na cha 4 wa 8-4-4; hao wa Kidato cha 3 ndio watakaofanya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) ya mwisho 2027. Kwa hiyo Njoro usiende na mtindo mmoja. Andika andalio la demo kwa mtindo wa umilisi, lakini uwe na azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha) la wiki mbili la Kidato cha 3 kwenye faili.

Andalio la umilisi liwe na: mada na mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuko, nyenzo, hatua za somo, na tathmini. Matokeo matatu yanatosha: kutambua, kutumia, kuchangamkia. Usimwage umilisi wote saba kwenye somo la dakika 15, watakuuliza "uraia umeukuza wapi hapo?" na hutakuwa na jibu. Chagua mawasiliano na ushirikiano, ueleze ni katika hatua gani, yaani kazi ya majozi.

Kuna sehemu ya tafakari ya mwalimu mwishoni. Iache wazi. Wapo wanaofika na andalio lililojazwa tayari "somo lilifaulu, wanafunzi walishiriki vilivyo" kabla hawajashika chaki. Wanajopo huanza kulisoma kutoka chini.

Chapisha nakala nne za andalio, uwape kabla ya kuanza. Miundo ya mtaala ya KICD (taasisi ya kukuza mitaala) inapatikana bure kwenye tovuti yao, kwa hiyo mada yako iwe imetoka humo kwa gredi uliyoandika, si kwenye kitabu cha mchapishaji fulani tu.

Kwa upande wa 8-4-4 utaulizwa mtihani. Kiswahili ni karatasi tatu. 102/1 ni Insha, maswali manne: la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa anachagua moja kati ya matatu, kila moja alama 20. 102/2 ni Lugha, alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. 102/3 ni Fasihi, alama 80. Swali linalofuata huwa, "Ukipewa Kidato cha 4 chenye wastani wa D katika Lugha, utaanzia wapi?" Jibu liko kwenye hizo alama: matumizi ya lugha ni nusu ya karatasi, na ufupisho ni alama ambazo mwanafunzi dhaifu huzipoteza kwa kupita idadi ya maneno na kunakili sentensi za kifungu, si kwa kutojua Kiswahili. Anzia hapo.

Historia: 311/1 na 311/2, na kila moja ina sehemu A alama 25, B 45, C 30.

---

FailiSafi alijibu:

Hamjasema habari za vyeti, na huko ndiko watu huangukia kabla hata ya kusalimu.

Panga faili kwa utaratibu huu: barua ya mwaliko, barua ya maombi, wasifu (kurasa mbili, si sita), kitambulisho, cheti cha usajili wa TSC, cheti cha digrii na matokeo ya kila mwaka, cheti cha KCSE, cheti cha maadili mema (cha polisi), PIN ya KRA (ya kodi), kadi za NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya), na barua ya shule ulikofanyia mazoezi ya kufundisha. Nakala ziwe seti mbili kamili. Vyeti halisi usivitoboe kwa panchi, vitie kwenye mifuko ya plastiki. Na usiviache ofisini hata ukiambiwa "tutakupigia". Huangaliwa mbele yako na kurudishwa papo hapo.

Usajili wa TSC si pambo. Sheria ya TSC ya 2012, kifungu cha 23, inamkataza mtu asiyesajiliwa kufundisha, iwe shule ya umma au ya kibinafsi. Pia hakikisha masomo yaliyo kwenye usajili ndiyo uliyoandika kwenye maombi, na kwamba KCSE yako inaonyesha C+ ya jumla na C+ katika yote mawili. Wanajopo hutazama hapo mara moja.

Majina: kitambulisho kikisema "Achieng" na digrii ikisema "Achieng'", au jina la katikati likikosekana, nenda kwa wakili uapiwe hati ya kiapo mapema. Kama jina limebadilika kabisa, hati ya kiapo haitoshi. Inahitajika hati ya kubadilisha jina iliyotangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali.

Cheti cha maadili mema huombwa kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, unachapisha fomu ya C24, kisha alama za vidole kwenye Huduma Centre. Ya Kisumu ipo, ya Nakuru ipo. Kisipotoka kwa wakati, beba risiti. Risiti hukubalika mara nyingi, kimya hakikubaliki.

Tena msichanganye mahojiano ya bodi na ya TSC. Yale ya TSC ya kudumu huendeshwa kwa karatasi ya alama iliyotolewa pamoja na tangazo: kiwango cha elimu na mwaka uliohitimu ndivyo hubeba mzigo mkubwa, na ufasaha wa kuzungumza ni alama chache. Huko hakuna demo ya kukuokoa, kuna vyeti tu. Soma karatasi ya alama ya tangazo husika, maana hubadilika. Na hakuna malipo yoyote. Anayekuomba "ya chai" ili jina lipande orodha ni mwizi.

---

Wa_Vihiga alijibu:

Kuhusu lugha. Kwenye demo ni Kiswahili kitupu, mwanzo hadi mwisho, hata "okay" usiiteleze. Ukiketi kwenye kiti cha mahojiano, jibu kwa lugha uliyoulizwa. Mwenyekiti wa bodi akiuliza kwa Kiingereza nawe ukang'ang'ania Kiswahili, anaona kiburi.

---

UbaoMweusi alijibu:

@Wa_Vihiga hapo natofautiana nawe kidogo. Ukiulizwa kwa Kiingereza kuhusu nidhamu au mishahara, sawa, jibu kwa Kiingereza. Lakini swali la somo lenyewe, mfano namna ya kufundisha isimujamii, omba ruhusa: "Mwenyekiti, naomba swali hili nilijibu kwa Kiswahili." Sijaona jopo likikataa, na mkuu wa idara aliyekaa kimya muda wote ndipo hufungua macho. Istilahi za somo huwezi kuzitafsiri papo kwa papo bila kukwama.

---

Wa_Vihiga alijibu:

Kwa kuomba ruhusa, nakubali. Bila ruhusa, hapana.

Nyongeza kwa wanaokwenda Kakamega, Vihiga na Bungoma: shule nyingi za umma huku zina kanisa mfadhili. Utakuta Quaker, Katoliki, Anglikana (ACK), Jeshi la Wokovu au Church of God. Mwakilishi wake huketi kwenye bodi na mara nyingi huwa kwenye jopo. Jua mfadhili ni nani kabla ya kuingia langoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa nafasi kwenye malezi ya kiroho, kwa hiyo swali la "utasaidiaje ibada za shule?" si la ajabu. Huhitaji kuwa wa dhehebu hilo. Unahitaji kusema unaheshimu utaratibu wa shule na ni shughuli gani unaweza kusimamia. Ukiahidi kuongoza kwaya, utapewa kwaya.

---

Chaki_Ahero aliuliza tena:

Asanteni sana. Nimebakisha mawili: maswali ya nidhamu (viboko hasa), na mshahara. Ni vibaya mgeni kuuliza mshahara?

---

Mkuu_wa_Idara_Molo alijibu:

Viboko: adhabu ya kumuumiza mwanafunzi imekatazwa na kifungu cha 36 cha Sheria hiyo hiyo ya Elimu ya Msingi ya 2013. Swali huja likiwa limefunikwa: "Hapa watoto ni wagumu, wazazi wenyewe wanatuambia tuwachape. Wewe utafanyaje?" Mwanajopo anayeuliza anaweza kuwa anacheka. Usicheke naye. Jibu kwa hatua: kwanza nazungumza naye peke yake nje ya darasa, mlango wazi, naandika tukio kwenye rekodi, likirudiwa nampeleka kwa mwalimu wa darasa, kisha idara ya ushauri nasaha, mzazi huitwa na ofisi ya naibu, si nami kwa simu yangu. Jopo linapenda kusikia kwamba unajua mwisho wa mamlaka yako uko wapi.

Litakalofuata ni ulinzi wa mwanafunzi. Taja waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 kuhusu dhuluma za kingono: ukijua jambo, unaripoti, humwiti mhusika "mkayamalize". Mwalimu wa kiume akiulizwa hili asijitetee kana kwamba ameshtakiwa. Jibu fupi linatosha.

Historia katika sekondari msingi: haisimami peke yake, imo ndani ya Masomo ya Kijamii pamoja na Jiografia na Uraia. Gredi 7 hadi 9 zina masomo tisa. Kiswahili vipindi 4 kwa wiki, Masomo ya Kijamii vipindi 4, dakika 40 kila kimoja. Shule ya kibinafsi itafurahi kwamba mtu mmoja anajaza yote mawili, ila ujifunze upya kusoma ramani, maana hapo ndipo walimu wa Historia hubabaika. Ukipewa chaki ghafla, tumia kilicho karibu: reli ilifika ufuo wa ziwa hapo Kisumu mwaka 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Ukiwa Nakuru, mfano wa makazi ya kale ni Hyrax Hill, nje kidogo ya mji. Swali dadisi la Kisumu: "Kwa nini reli iliishia hapa na si mahali pengine?" Dakika kumi zinajaa zenyewe.

Kisumu pia watauliza tathmini. Alama ya Gredi 9 hukusanywa hivi: KJSEA (mtihani wa Gredi 9) asilimia 60, KPSEA (mtihani wa Gredi 6) asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 asilimia 20. Hizo za shuleni hupakiwa kwenye mfumo wa KNEC (baraza la mitihani) na mwalimu wa somo, kwa hiyo uwe tayari kusema unaweza kutumia kompyuta bila kusaidiwa. Viwango vyenyewe ni vinne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio.

---

FailiSafi alijibu:

Mshahara uliza, lakini mwishoni, wakisema "una swali?" Kwa nafasi ya bodi swali zuri si "mnalipa ngapi" tu. Uliza: mkataba ni wa muda gani na umeandikwa? Aprili, Agosti na Desemba mnalipa? Shule nyingi hulipa miezi ya masomo pekee, nawe ulishapiga hesabu ya miezi 12. Malipo hutoka lini mwezini, na yanategemea karo za wazazi? Makato ya SHA (asilimia 2.75), nyumba (1.5) na NSSF yanapelekwa, au yanakatwa tu? Kwa shule ya kibinafsi ongeza: vipindi vingapi kwa wiki, na Jumamosi ni kazi?

Ukitajiwa kiasi kidogo usikubali hapohapo wala kukataa. "Naomba siku mbili niwajibu" ni jibu halali. Linganisha na mafunzo ya kazi ya TSC ambayo kwa sekondari msingi ni Sh20,000 kwa mwezi. Ukitajiwa chini ya hapo, jua unachouza.

Na usiwaambie Njoro kwamba una mahojiano mengine Kisumu, isipokuwa wakuulize.

---

Wa_Vihiga alijibu:

Lala Nakuru usiku wa kuamkia, usiondoke Kisumu alfajiri ukitegemea matatu kupitia Kericho na Mau Summit. Njoro asubuhi ni baridi, beba sweta. Beba chaki zako pia, nyeupe na za rangi, na kitambaa cha kufutia. Ukikuta ubao ni ule mweupe wa kalamu, uliza kalamu kabla ya kuanza, na uijaribu pembeni kwanza. Zilizokauka huwa ndizo zimewekwa pale.

---

Chaki_Ahero alijibu:

Nimenunua manila na chaki za rangi leo. @UbaoMweusi, kwenye vile vipande vya karatasi naweza kuongeza "gazeti" na "tunda"?

---

UbaoMweusi alijibu:

"Tunda" ndiyo, "gazeti" ndiyo, zote ni LI-YA. Lakini usizidishe vipande nane. Na "tunda" uiweke kwa jozi moja na ile ndizi ya mezani, uone kama watasema "matunda zimeiva".